Maziwa Bila Mtoto

Jirani yangu Sindano alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Jina hilo tulimpa kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Mteja akichelewa kuchukua nguo, alimwambia, "Sketi hii sasa kamvalishe mjukuu." Mwenyewe ndoa yake ilikuwa na miaka, mtoto hakuna, na hilo ndilo jambo pekee ambalo hakulifanyia mzaha.

Mama mkwe wake aliishi nao. Mchana alikaa kando ya cherehani akikata nyuzi na kukohoa. "Vumbi la vitambaa," alisema, nasi tukaamini, maana chumba kile kilimkohoza kila aliyeingia.

Basi siku za Sindano zikakoma. Mwezi wa kwanza alinyamaza, wa pili akaninong'oneza. Kisha maziwa yakaanza kumtoka, yakalowesha blauzi. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka pumzi ikamwishia. Kipimo cha mkojo kilisema hakuna mimba.

"Kipimo kinajua nini?" mama mkwe akasema. "Maziwa hayadanganyi."

Tangu hapo akawa anapita kwangu kila asubuhi kumchukua mjukuu wangu, ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza. "Nipe mtoto, mwenzangu, mikono yangu ijizoeze." Nilimpa. Nani hukataa kusaidiwa kulea? Alimpakata kutwa akimwimbia, wimbo ukikatizwa na kikohozi.

Kumbe balaa lilikuwa linajijenga. Sindano akaanza kuumwa kichwa kisichosikia dawa. Akawa anagonga miimo ya milango kwa bega. Kitambaa kikiwa pembeni, hakukiona mpaka ageuze kichwa kizima.

"Mama, dunia inanibana pande zote mbili," aliniambia.

Mumewe, fundi baiskeli, alitaka akapigwe picha ya kichwa. Mama yake akakataa katakata. "Mjamzito hapigwi picha! Unataka kumuua mjukuu wangu?" Mwanamume mzima akanywea, na picha ikangoja. Hasira ile ninayo mpaka leo.

Tumbo lilibaki bapa kama ubao wa pasi. Siku ambayo Sindano alishona mikono yote miwili ya shati upande mmoja, mumewe alimpakia kwenye baiskeli bila kumuaga mtu, akampeleka hospitali. Picha ikaonyesha uvimbe kwenye tezi ndogo kama njegere, iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo, daktari alieleza, ndiyo inayoamuru siku za mwanamke na maziwa yake, na sasa uvimbe ulikuwa unaminya mishipa ya macho. Ungetolewa kupitia puani, na haraka. Sindano hakuuliza kama atakufa.

Aliuliza, "Kwa hiyo mtoto hayupo?"

Walipomfanyia upasuaji hawakukuta walichotarajia. Kipande kikapelekwa maabara, nasi tukaitwa kusikia majibu. Kifua kikuu.

"Kifua kikuu kichwani, daktari?" mumewe akauliza.

Daktari akasema hutokea kwa nadra sana, na kwenye picha hufanana na uvimbe wa kawaida wa tezi hiyo hata mabingwa wakadanganyika. Dawa zipo, ila ni za miezi mingi. Macho yangeweza kurudi. Hata mtoto, akasema, tusikate tamaa. Tulikumbatiana pale ukumbini tukalia kwa furaha, watu wakatushangaa.

Muuguzi alisubiri tunyamaze. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Na huko nyumbani, nani anakohoa?"

Sote tulimgeukia mama mkwe. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mjukuu wangu amelala kifuani pake. Alifungua mdomo aseme habari ya vumbi, kikohozi kikamtangulia.

Nilimrukia nikampokonya mtoto. Mtoto akazinduka mikononi mwangu, naye akakohoa.