Tanuru Lililopoa Ghafla

Jamani, nichekeni tu. Kiwandani kwetu Igogo tunatengeneza kihisi kisichotumia waya, cha kupima joto ndani ya tanuru la chuma. Siku ya majaribio nilipewa mimi kazi ya kukitumbukiza. Nikatumbukiza, mlango ukafungwa, nikakimbilia kompyuta. Nyuzi joto thelathini na saba!

"Tanuru limezimika!" nikapiga kelele. "Chuma kikigandia humo, tumekwisha!"

Wenzangu wakaongeza moto mpaka nyusi zikaanza kuungua. Namba ikagoma. Nikaanza kulia.

Mama Koku, injinia wetu, akaja taratibu.

"Mwanangu, umetumbukiza kipi?"

"Cha kwenye boksi, mama."

"Mle mlikuwa na ganda tupu la kihisi. Na thelathini na saba ni joto la mtu. Hebu jipapase."

Kihisi kilikuwa mfukoni mwa shati, nilimokihifadhi asubuhi kisivunjike.