Mkono Wenye Safari

Juzi nilirudi kijijini kwetu Majoreni, ndugu yangu, nikaletewa sahani. Sahani ya peke yangu, yenye maua pembeni, na kijiko juu yake. Wali wa nazi, samaki changu wa kupaka, kachumbari. Wenzangu wote walikaa mkekani kuizunguka sinia, mimi nikakalishwa kitini. Niliona haya hata sikujua nitazame wapi.

Maana sinia ile naijua. Utotoni tulikuwa tukila humo watoto tele, magoti yakigusana, baada ya kukuna nazi kwenye mbuzi mpaka vidole vikauma, na kuchagua mchele huku taarabu ikitujia kutoka redio ya jirani. Nyanya ndiye aliyegawa samaki. Kila mtoto alikuwa na upande wake, na adabu ilikuwa moja tu: kula mbele yako. Mimi? Thubutu! Mkono wangu ulikuwa umeshafika ng'ambo, kwenye ukoko wa dada yangu. Nyanya alinigonga vidole huku akicheka: "Una safari mkono huu! Utakuja kututia aibu kwa watu."

Nilipomaliza shule, nyanya alinitengenezea kila kitu. Mwalimu wa chekechea ya pale kijijini alikuwa tayari kunichukua nimsaidie, na mtoto wa jirani, kijana wa watu, alikuwa keshaleta posa. Nami nikaenda Mombasa kujifunza kuendesha lori. Mwanamke, na buibui langu, juu ya lori la saruji! Nyanya hakunikaripia. Alinifungia mahamri kwenye kitambaa, akaniambia, "Haya, ukichoka urudi. Upande wako upo."

Sikuchoka. Nimelala Malaba, nimelala Kigali, Goma nimeuona mlima unaowaka moto. Simu nilipiga, ndiyo, lakini Idi zilinikuta barabarani, moja baada ya nyingine. Na nisikudanganye: raha niliiona. Ukinirudisha siku ile, lori nitalipanda tena. Hilo ndilo linalonitia haya hasa. Ningekuwa najuta, walau ningekuwa na la kumwambia nyanya.

Basi juzi ningeweza kushuka kitini nikasema, jamani, nisogezeeni kidogo. Nilitazama. Watoto wa dada yangu, ambao hawanijui, walikuwa wamebanana, hapana hata pa kupenyeza kidole. Wakaniangalia kwa adabu, wakingoja niseme bismillahi nianze. Nikala kwa kijiko, nikamaliza.

Nyanya siku hizi haoni vizuri, lakini akili zake timamu. Mimi ananijua vyema. Nilipoaga alijikongoja mpaka mlangoni. Nikambusu mkono. Akaushika wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Ahsante kwa kutujia, mwanangu," akasema. "Karibu tena."

Tangu utotoni nimemsikia akisema vile pale mlangoni, na siku zote alikuwa akiwaambia wageni.