Mama Amekikataa Kiti cha Choo Nilichomjengea

Wasomaji wenzangu, nimemwomba mwenye ukurasa huu asilitaje jina langu, maana kijijini kwetu Moa ni padogo na kaka yangu naye husomewa gazeti. Nina miaka arobaini na mitatu, ni mwashi hapa Tanga. Ufundi sikusomeshwa na mtu. Nilianza kwa kubeba karai la chokaa, na leo nikiutazama ukuta nakutajia urefu wake bila kamba, nikikosea ni kwa inchi mbili.

Mama yangu anaishi Moa katika nyumba ya marehemu baba, niliyogawana na kaka. Mke wangu yuko naye huko, ndiye anayemtunza. Mwaka jana mama aliteleza chooni akavunjika nyonga. Ilipounga, mguu wa kulia ukabaki umenyooka kama mpini, goti halikunjiki. Kuchuchumaa hawezi tena.

Nikaomba ruhusa ya siku sita, nikaenda. Sakafu iliyokuwa ikiteleza niliipiga saruji mpya na kuichora mistari kwa msumari kabla haijakauka. Kizingiti cha inchi saba nikakitoa. Juu ya shimo nikajenga kiti cha inchi kumi na saba, na kila upande bomba la chuma la kushikia, ambalo nililijaribu kwa kulining'inia mzima mzima. Mama alipokikalia mara ya kwanza alitoka analia. "Mwanangu, umenirudishia heshima yangu."

Siku ya tisa alikikataa.

Choo kile ni chembamba, upana futi tatu, urefu saba, na urefu wake unakwenda kaskazini. Nyayo za zamani za kukanyagia ziliwekwa kukingama, mtu akichuchumaa anatazama mawio. Mimi nilikiweka kiti kufuata urefu, ili mguu wake upate pa kunyooka. Mama alikuwa akitandikiwa mswala chumbani, akautazama mlango wa choo, akaona kiti na mswala vyatazama upande mmoja. Kisha akamwambia mke wangu, "Siku zote hizi nimekaa uchi nikielekea kibla, na nyinyi mmeniacha?"

Kibla kwetu ni kaskazini, na fundi yeyote wa pwani huiuliza kabla ya kuchimba choo, ili mtu asiielekee wala kuipa mgongo akiwa haja. Safari hii sikuuliza, kwa kuwa shimo lilikuwepo. Nilipima kila kitu isipokuwa hicho.

Nikarudi Moa, nikamleta mwalimu wa chuo cha Kurani. Akamwambia, "Shikamoo mama. Ndani ya kuta nne hakuna ubaya, na wewe una udhuru." Mama akamjibu, "Marahaba, mwanangu. Wewe unakijua kitabu. Mimi namjua niliyemwelekea tangu utotoni." Mwalimu akanywa kahawa yake, akaaga.

Kukigeuza kiti kitazame mawio, nahitaji futi nne na nusu. Mshazari nimejaribu, kisigino kinagonga. Kuchimba kwingine siwezi, ua wetu ni mdogo na kisima kipo hatua tisa tu. Kumhamishia Tanga hataki, anasema ataondoka nyumba ile kwa jeneza. Iliyobaki ni futi moja na nusu nyuma ya ukuta, katika ghala la kaka anamoweka mbata, nazi zake kavu za kuuza. Nilimwomba kwa adabu zote.

"Leo choo kinaomba futi," akasema, "kesho jiko litaomba chumba. Nakujua wewe, unakula nyumba kama mchwa!"

"Kaka, ni mama yetu."

"Mama alikuwa na choo. Wewe ndiye uliyemkalisha kama mzungu, ukamkosesha na Mola wake. Sasa unataka na ghala langu?"

Nikapandisha sauti, naye akapandisha. Mama akasikia. Akatuita wote wawili, akasema, "Mkigombana kwa ajili ya choo changu, radhi zangu msizitafute. Wala ukuta usivunjwe bila ridhaa ya mwenyewe."

Tangu hapo hakikalii. Alijaribu kujiegemeza kando ya kiti, akaanguka tena, akapasuka paji la uso. Na sasa nimeletewa huku Tanga habari iliyonifanya nishike kalamu: mama amepunguza kunywa maji. Kikombe kimoja asubuhi, basi, ili asiwe na haja ya kwenda. Midomo imempasuka. Mke wangu akimlazimisha, anafumba mdomo kama mtoto.

Nyundo na tindo ninazo. Ukuta ule ni wa udongo, kazi ya saa mbili. Ndugu zangu, nipeni shauri upesi: niuvunje, nikose radhi za mama, au niuache, nimkose mama mwenyewe?