Mtoto wa Feza

Juzi, hapa Falls Church, Marekani, mzee ninayemhudumia nyumbani kwake alinionyesha picha ya ujana wake: askari mbele ya ghala la zege, na ng'ambo ya uzio watoto wanacheza mpira.

"Tulikuwa tunalinda mabomu yetu ya nyuklia katika nchi ya watu," alisema. "Wale watoto hatukuwaambia."

Aliponiuliza kwetu ni wapi, nikamjibu Kongo, Katanga. Akainua kidevu nimfunge vifungo vya shati. "Madini ya mabomu ya mwanzo yalitoka kwenu."

Nikasikia tena harufu ya uani kwetu utotoni: makaa, na sombe ya majani ya muhogo. Baba alikuwa ameleta jiwe kutoka mgodi wa zamani, jeusi lenye madoa ya manjano. Lilikuwa dogo kama mkate lakini zito ajabu, nami niliamini ndani yake mna mtoto kweli, amelala.

"Yaya, unifungie mutoto wangu," mdogo wangu Feza aliniomba mchana ule; ndivyo alivyoniita mimi dada yake. Nikamfunga jiwe mgongoni kwa kikwembe cha mama, naye akazunguka uani akilibembeleza, kinu kikidunda, mama akicheka.

Alilibeba msimu mzima, na usiku alilala nalo. Kabla mvua hazijarudi tulimzika, na hakuna aliyejua ameugua nini. Mama alikataa mtoto atenganishwe na mama yake, kwa hiyo tukalizika jiwe pamoja naye.

"Mliwahi kuyaona madini hayo?" mzee aliuliza.

Nikaendelea kumfunga vifungo. Vidole hivi hivi ndivyo vilivyokuwa vikikaza fundo la kikwembe kile, kila asubuhi.