Kuhesabu Milo Mwezi wa Ramadhani

Hivi mtu aliyekula futari na daku amekula mara mbili? Swali hilo lilininyima usingizi katika chumba nilichopanga Masuguru, mjini Korogwe. Ukilisikia hivi hivi linaonekana la kipuuzi. Lakini ndilo lililokuwa linaamua kama kijiji cha Kwamsisi kitaendelea kupata unga wa msaada.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, bado niko kwenye kipindi cha majaribio kazini. Serikali ilitaka kujua kama watu waliohamia vijiji vya ujamaa wanaishi vizuri kuliko zamani, na ofisi yetu ikaandaa maswali ya nyumba, maji, zahanati na chakula. La chakula lilikuwa fupi: jana mlikula mara ngapi? Kijiji ambacho kaya nyingi zinakula mara mbili au zaidi kingehesabiwa kuwa kinajitosheleza, na unga wake wa njano ungepelekwa kwingine. Mvua zilikuwa zimegoma Handeni nzima. Waliopanga safari hawakuangalia mwezi, nikafika Kwamsisi watu wamefunga.

"Mbili, mwanangu," walijibu nyumba baada ya nyumba. "Futari na daku."

Jioni wanaume walitandika mkeka nje, wakanikaribisha. Kila nyumba ilileta sahani yake, zikawekwa katikati, kila mtu akala popote mkono ulipofika. Sahani moja ilikuja imefunikwa kawa. Mwenyewe alipoifunua, ndani palikuwa na vipande vya papai bichi vilivyochemshwa, basi. Hakuna aliyekodoa macho. Jirani yake alimsogezea bakuli la muhogo huku akiendelea kulalamika juu ya nguruwe pori walioingia shambani kwake.

"Kula, ndugu msomi," mzee mmoja aliniambia. "Tangu asubuhi unaandika tu. Wino haushibishi."

"Kumbe chakula kipo, mzee?"

"Mwezi huu kipo. Nani atamwacha mwenzake afuturu maji? Wewe njoo Mfungo Mosi, Idd ikishapita, kila mtu na chungu chake. Hapo ndipo uje na maswali yako!"

Wenzake walicheka. Mimi nikaanza kuzihesabu upya sahani zilizokuwa mkekani.

Niliporudi Korogwe nilimweleza mkuu wangu wa kazi. Alinisikiliza akinywa chai, mlango umefungwa kwa kuwastahi waliofunga.

"Waliongopa?"

"Hapana, mzee."

"Walisema mbili?"

"Walisema mbili, lakini..."

"Basi lakini ya nini? Kesho saa nne gari linakwenda mkoani. Weka sahihi kwenye fomu zako, liondoke nazo. Usipoweka, nitaandika kwamba kazi imekushinda."

Nilizunguka na jambo hilo mpaka kichwa kikauma. Labda yule mzee alitia chumvi, maana alijua unga unategemea majibu. Lakini wangetaka kunidanganya wangesema moja, na lile papai lisingefunikwa. Nikikataa kutia sahihi, je, Kwamsisi haitaachwa nje ya taarifa, isahaulike kabisa? Na nikifukuzwa, nitamwambia nini mama, aliyekwisha tangaza kwa majirani wote kwamba mwanawe ni mtu wa serikali?

Asubuhi, gari likiwa tayari linanguruma nje, nilichukua kalamu. Juu ya ukurasa wa Kwamsisi nikaandika kwamba majibu yalichukuliwa Ramadhani, watu wakifuturu pamoja, kwa hiyo yasitumike kusimamisha unga, na kwamba kijiji kiulizwe tena baada ya Idd. Chini yake nikatia sahihi. Kisha nikaingia kwa mkuu, nikamsomea yote.

Aliweka kikombe chini. "Unajua unachofanya, kijana?"

"Sijui vizuri, mzee," nilisema. Nikatoka, nikampa dereva bahasha, nikasimama pale pale mpaka gari likaingia barabara ya Segera.