Baba Mdogo Alitaka Kuwakata Masikio Mbwa Wangu

Admin, ficha jina langu na la shule yangu, maana hapa Mpanda tunajuana. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, naishi na wazazi wangu Majengo. Mimi ni mtu wa vitabu. Mwalimu akiniuliza swali najibu kwa sauti ndogo mpaka wenzangu wanacheka. Nasema haya ili mjue kwamba nilichofanya Jumamosi iliyopita si kawaida yangu, na bado sijutii.

Mwaka huu bwana mifugo alikuja shuleni kutufundisha kuhusu kichaa cha mbwa. Mwishoni akasema ana mbwa wawili aliowaokoa, Popi na Jimi. Mwenye nao, Mzungu aliyekuwa anafanya kazi mgodini, alirudi kwao akawaacha ndani ya geti, na mlinzi naye akaondoka. Walikutwa mbavu nje. Akauliza, "Nani kwao wanaweza kuwapokea?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Hata mimi sikunyoosha, ila alipokuwa anawasha pikipiki nilimfuata nikanong'ona, "Mimi."

Baba alikubali haraka aliposikia ni mbwa wa Mzungu. Alidhani ni wale wakubwa wanaoruka kuta. Waliposhushwa kwenye bajaji, miguu mifupi, tumbo karibu liguse chini, masikio yanaburuzika, baba akauliza, "Miguu mingine mmeiacha wapi?" Bwana mifugo akacheka, akasema hao ni basset hound, mbwa wa kunusa, ndivyo walivyoumbwa. Mama akasema, "Wana sura kama wamefiwa."

Mwanzoni ilikuwa ngumu. Jimi alijificha nyuma ya jiko la nje akagoma kula. Popi alilia kila tulipofunga mlango wa uani, na mimi nilielewa kwa nini. Bwana mifugo aliniambia nisiwalazimishe. Niwape sehemu moja ya kulala, niwalishe saa ile ile, nikae karibu bila kuwagusa. Basi nikawa nakaa pale na kitabu cha Baiolojia nasoma kwa sauti. Darasani hakuna aliyewahi kunisikia hivyo, lakini wale mbwa wamesikia mada yote ya mmeng'enyo wa chakula. Siku moja Jimi akatoka, akaja kulaza kichwa kwenye mguu wangu. Niliendelea kusoma huku machozi yananitoka.

Shida ikabaki masikio. Wakila yanaingia kwenye bakuli, mchuzi wa dagaa unayagandia, inzi wanakuja. Nikachana kitenge cha zamani, nikawa nawafunga kichwani wakati wa kula. Jirani yetu anayeuza maandazi alipoona aliita barabara nzima. "Jamani njooni muone, mbwa kapigwa kilemba! Harusi lini?" Wakacheka sana. Mimi niliendelea kufunga, na inzi waliisha.

Sasa baba mdogo. Analima mahindi Kasokola, na ngedere na nguruwe pori wanamtesa kweli, hilo silikatai. Huku kwetu wengi wanaamini mbwa akikatwa masikio, yakachomwa, akayala mwenyewe, anakuwa mkali. Kumbe alishamwambia baba, "Kaka, hawa si wapole, ni masikio yanawaziba. Niachie niwarekebishe, niende nao shamba." Baba akakubali bila kuniambia chochote.

Jumamosi nimetoka tuisheni namkuta uani. Jimi kafungwa kamba mdomoni, kabanwa katikati ya magoti ya baba mdogo, ambaye ana wembe mkononi. Jiko la mkaa limeshawaka pembeni. Popi analia mlangoni.

"Baba mdogo, acha!"

"Hebu toka hapa, haya si mambo ya watoto."

Sijui nguvu zilitoka wapi. Nilikaa chini kwenye vumbi na sare zangu, nikamkumbatia Jimi, nikaweka sikio langu juu ya lake. "Kata langu kwanza," nikasema. "Ukiona nimekuwa mkali, ndiyo uendelee na lake."

Yule mama wa maandazi alikuwa anachungulia kwenye ua. Akasema kwa sauti, "Huyo mbona ameshakuwa mkali kabla hujakata!" Wapita njia waliokuwa nyuma yake wakacheka, na nadhani hicho ndicho kilichomuuma baba mdogo zaidi. Akatupa wembe, akamgeukia baba aliyekuwa ametoka ndani. "Kaka, mtoto wako ananifanya kichekesho. Sitakanyaga hapa mpaka nije kuwachukua hawa mbwa."

Baba hajanipiga. Amesema tu kwamba nimemdhalilisha mdogo wake kwa sababu ya wanyama. Ameamua Jumapili hii inayokuja, baada ya misa, baba mdogo atakuja, nitapiga magoti niombe msamaha mbele ya wote, halafu nimkabidhi mbwa wote wawili kwa mkono wangu. Nilimwambia nitamtafutia baba mdogo mbwa wa kienyeji, hao wanajua shamba. Akajibu, "Kwa hiyo sasa wewe ndiye unayetupangia?" Bwana mifugo alitaka kuja kuongea naye, baba akasema mambo ya familia hayamhusu. Mama ananibembeleza, "Mwanangu, mbwa ni mbwa. Baba yako mdogo ni damu."

Nampenda baba mdogo. Nikiwa mdogo alikuwa ananibeba mabegani. Nitapiga magoti, na nitaomba msamaha wa kumpazia sauti mbele za watu, kwa moyo wangu wote. Lakini mbwa hawa walishaachwa mara moja na mtu waliyemwamini. Mimi sitakuwa wa pili.

Kwa hiyo nyie mnaosoma, msiniambie niwatoe. Wanaotaka kuandika "mbwa tu hao" waandike, nyumbani nasikia hilo kila siku. Nishaurini kitu kimoja tu. Jumapili nikishasema samahani, baba mdogo akanyoosha mkono apokee kamba, nimwambie hapana kwa maneno gani, nikiwa bado nimepiga magoti?