Matete ya Fundi Faridi

Kwa heshima na taadhima, umma wote wa Rumonge, wa majini na wa nchi kavu, wenye mapezi na wasio nayo, unatangaziwa kwamba Mama Thuwaiba, mjane wa Fundi Faridi, ametawazwa kuwa Mlinzi wa Mlango wa Mto. Cheo hicho hakina mshahara. Kina fulana, nayo inambana kwapani.

Sherehe ilifanyika kando ya makaburi, pale mto unaoshuka kutoka milimani unapoingia Ziwa Tanganyika. Hotuba zilikuwa ndefu, na hakuna hata moja iliyotaja chanzo cha mambo yote, yaani uvivu wa Jamali.

Fundi Faridi alikuwa akitengeneza mitumbwi. Kila mtumbwi mpya aliupapasa ubavuni kama baba anayemuaga binti siku ya harusi, akausukuma majini, kisha akabaki ufukweni akiusindikiza kwa macho. Hakuwahi kupanda hata mmoja. Watu walisema hiyo ndiyo adabu ya fundi, hatangulii kukaa mahali pa mwenye mali. Yeye aliwaacha waseme. Thuwaiba alimletea chai, wakakaa juu ya mbao wakibishana kuhusu sukari mpaka chai ikapoa, na kesho yake wakaanza ubishi upya.

Siku alipozikwa, mvua ilikuwa inamwagika. Desturi ni kuchomeka tawi bichi kichwani mwa kaburi, na aliyetumwa kulitafuta ni Jamali, mvuvi. Miti ya maana ilikuwa mbali, na Jamali alikuwa ameshalowa hadi kwenye nia. Akavunja tete moja la mtoni, akalichomeka.

"Ni kijani," alisema. "Malaika haitauliza jina."

Tawi la kawaida lingenyauka kwa adabu na kusahaulika. Tete halina adabu hiyo. Ukilichomeka kwenye tope, kila kifundo chake kinatoa mizizi. Thuwaiba alipomaliza eda na kwenda kaburini, alikuta mumewe ana kichaka.

Alikuta pia jambo jingine. Ziwa lilikuwa limepanda. Makaburi ambayo zamani yalikuwa mbali na maji sasa yalikuwa ukingoni, na ukingo wenyewe ulikuwa unadondoka vipande vipande kama mkate wa jana. Kaburi la Faridi ndilo lililokuwa la kwanza kwenye foleni. Kilichokuwa bado kimelishikilia ni mizizi ya lile tete la Jamali.

Thuwaiba akavua viatu. Akakata vijiti vya tete, akaanza kuvichomeka ukingoni, leo hapa, kesho pale, huku akimsimulia Faridi nani ameoa na nani angefaa kuachwa.

Matete yakashika. Ule mto ulikuwa na tabia ya kubeba tope la mashamba yote ya juu, pamoja na uchafu wa kukamua mawese, na kulimwagia ziwa usoni. Sasa ulilazimika kupenya kwenye matete polepole, kama mtu aliye sokoni siku ya kuamkia Idi, na tope likabaki humo humo. Maji ya upande wa ziwa yakawa safi. Samaki wadogo wakahamia kati ya mashina, mahali ambapo wakubwa zao hawakuweza kuwafuata. Wakaja ndege wa kuwala. Mwishowe akaja kiboko. Hakuomba ruhusa. Wazito hawaombi, hata wale wa nchi kavu wenye madereva.

Asubuhi moja Jamali alifika na wavuvi wenzake, mapanga mkononi.

"Amahoro, mama."

"Amahoro, Jamali. Mumekuja kumusalimia fundi na mapanga?"

"Mama, humu ndani iko kiboko. Juzi imenipindulia mutumbwi. Nimekunywa ziwa mupaka ndagala zikacheza ndani ya tumbo. Hii matete itoke."

"Na ukingo?"

"Ukingo ni kazi ya Leta, ya serikali."

"Leta ndiyo imezikwa hapa?"

Thuwaiba akasogea pembeni ya kaburi.

"Sawa, kateni. Lakini wewe Jamali, anza na ile ulipanda mwenyewe."

Jamali akampa panga mtu wa nyuma yake.

"Anza wewe. Mimi bega inaniuma."

"Mimi? Si ni wewe mukubwa yetu?"

"Mimi nimeoa kwao na fundi," alisema wa tatu, "siwezi."

Panga likazunguka, likamrudia mwenyewe. Agata, muuza ndagala aliyekuwa akipita na beseni kichwani, akauliza, "Basi wanaume wote hawa muko na bega moja?"

Jamali akachuchumaa, akashika lile tete la kwanza.

"Mutumbwi ile imepinduka, ni fundi aliitengeneza," alisema taratibu. "Imepinduka, lakini haikupasuka."

"Hakuwa anaacha ufa," Thuwaiba akajibu.

Wavuvi wakayaacha matete, wakahamishia mitumbwi ng'ambo ya pili ya mlango wa mto. Tangu siku hiyo kiboko hukoroma kila asubuhi, na Jamali humtukania mama yake kutoka umbali salama.

Masika yaliyofuata yalikuja na hasira. Ziwa likameza njia, ua wa miti, na ukingo wote uliokuwa mtupu. Alfajiri Thuwaiba alikimbia peku, kitenge mkononi. Matete yalikuwa yamelala chali, yamepakwa tope hadi kileleni. Nyuma ya matete hayo, kaburi lilikuwa mahali pake.

Akakaa chini, akalipiga kofi dogo. "Umeniogopesha, wewe muzee," akasema, na machozi yakamtoka.

Habari zikafika mbali, na kutoka mbali wakaja watu wa mradi na spika zao. Madamu Speciosa, mkubwa wao, alizungumza juu ya bioanuwai, ustahimilivu na maneno mengine yasiyoliwa na ugali. Kisha akamsogezea Thuwaiba maikrofoni.

"Mama, waelezee wananchi. Ni maono gani yalikuongoza kuiokoa ikolojia ya mlango huu wa mto?"

Thuwaiba akaivuta fulana ishuke kidogo, akatazama upande wa kaburi.

"Maono gani? Faridi hajui kuogelea."